Picha Tuliyoitundika Kichwa Chini

"Shikilia hapo hapo. Usitikisike hata kidogo."

"Harakisha basi, kigoda chako hiki kitaniua," wifi yangu alinijibu, picha imemfunika uso mzima.

Nilipiga msumari wa pili, tukaining'iniza fremu. Mume wangu, fundi wa friji, alikuwa ameileta picha ile asubuhi akakimbilia kazini. Alisema ameinunua kwenye mnada wa ofisi iliyofungwa. Haikuwa na kamba nyuma wala sahihi mbele, kwa hiyo upande wa juu tuliuchagua wenyewe.

Tulirudi nyuma kuitazama.

Chini palikuwa na ziwa jeupe lenye kisiwa cha rangi ya chai, chenye mkia kama wa mjusi. Katikati ya ziwa liliota ua la petali tatu, mbili za kahawia, moja nyeupe. Juu, mwanamke alikuwa anaelea hewani, nywele zake zimegeuka mizizi.

"Sasa hii ndiyo nini?" wifi aliuliza.

"Sijui. Ila naipenda. Sebule imekuwa pana ghafla."

"Mimi namuona mwanamke aliyechoshwa na kazi za nyumbani, akaamua kuruka zake."

"Na ua?"

"Ua ni mumewe. Petali mbili zimeshakauka, anaringia hiyo moja."

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Simu yangu ikatoa mlio wa ujumbe. Alikuwa mume wangu.

"Usiitundike bado. Nisubiri nije."

Nikamjibu: "Imeshapanda. Imependeza."

Alirudi jua bado likiwaka. Hata viatu hakuvua. Alisimama mlangoni, akaitazama, akaguna.

"Mmeitundika kichwa chini."

"Wewe umejuaje?" wifi aliuliza.

"Inaonekana tu." Alikuwa ameshaishusha na kuigeuza. "Huyu haelei, amelala. Anaota. Picha kama hizi hutafuti maana. Unakaa nayo, maana inakuja yenyewe."

Nilimtazama. Mtu huyu nikimuuliza rangi ya pazia hujibu "yoyote". Lakini sikutaka kumdhania vibaya. Mtu anaweza kujifunza jambo popote.

Mgongo ulikuwa unaniuma, nikaenda chumbani kujinyoosha. Nikalala chali.

Dari jeupe. Doa la mvua lenye rangi ya chai, na mkia wa mjusi. Feni ya mapanga matatu, mawili ya kahawia na moja jeupe, alilolitoa yeye mwenyewe kwenye feni mbovu ya mteja wake. Chumba hiki mgeni haingii.

Nikamwita mume wangu.

"Njoo ulale hapa."

"Sasa hivi? Dada yupo sebuleni."

"Lala, utazame juu."

Alilala. Akatazama. Nilisikia pumzi yake ikibadilika.

"Nani kaichora?" nilimuuliza.

"Si nimekwambia, mnada..."

"Mnada ulimlaza nani kwenye kitanda changu?"

Aliinuka akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ni mteja," alisema mwishowe. "Nilimtengenezea friji. Ni kipindi kile ulipokwenda kwenu kumuuguza mama. Lakini ilikwisha. Naapa ilikwisha."

"Mpigie. Weka spika."

"Mke wangu..."

"Mpigie."

Ilipokelewa mara moja. Sauti ya mwanamke, ya taratibu.

"Umeitundika?"

"Nimeitundika mimi," nilisema. "Mke wake."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Kila wiki ananiahidi atakwambia. Hata Jumapili hii aliniahidi. Nikachoka, nikampa picha, nikamwambia ni ndoto yangu, aiweke kwenu. Yeye hakuelewa. Wewe nilijua utaelewa. Mwanamke anayelala peke yake hulijua dari lake."

Nilitafuta tusi, sikulipata.

"Umechora vizuri, dada," nilimwambia, nikakata simu.

Wifi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Kaka," alisema, "leo umenivua nguo mbele ya watu."

"Naitoa," mume wangu alisema, akainuka. "Naenda kuichoma sasa hivi."

"Usiiguse. Ndiyo kitu pekee ulichowahi kuleta humu ndani kikasema kweli. Picha itabaki. Wewe ndiye utakayeondoka. Nyumba hii aliniachia baba."

"Tuongee kwanza."

"Hata Jumapili tungeweza kuongea."

Alimtazama dada yake, labda amtetee. Wifi alimpisha njia. Akatoka mikono mitupu.

Wifi aliliteremsha begi kubwa kutoka juu ya kabati. Tukaanza na mashati. Nilikuwa nayakunja kama siku zote, kola nje, mikono nyuma, nakunjua na kurudia lililokaa vibaya.

"Yatupie tu humo!" wifi alisema. "Unamkunjia za nini?"

"Mikono haijui kukunja vingine."

Hapo ndipo machozi yalipotoka. Wifi aliniacha nilie, akaendelea na mashati yaliyobaki. Yalipokwisha akavuta rundo la suruali, nikamshika mkono.

"Basi. Hizo kesho."

"Na akija asubuhi kukupigia magoti?"

"Akija, suruali zake atakunja mwenyewe."

Tukalisogeza begi ukutani, limejaa nusu, zipu wazi.