Mgonjwa Aliyerudiwa na Njaa

Mama wa nyumba ile alikuwa hajameza kitu kwa siku kadhaa, na nesi aliyemuuguza alikwishawaeleza watoto wa mgonjwa kwamba mwili ukikataa chakula hautibiki tena, unafunga safari. Kwa hiyo alipoingia chumbani mchana ule na kumkuta mgonjwa ameketi kitandani, akila supu kwa pupa na kulamba kijiko, hakufurahi. Chumba nacho hakikunuka dawa wala vidonda vya mgongo. Kilinuka udongo uliolowa, na nje jua lilikuwa linachoma.

Nesi huyu aliuguza watu waliorudishwa majumbani wakafie kwao, na waliomchosha hawakuwa wagonjwa, walikuwa jamaa zao. Kila nyumba ilikuwa na mbishi wake, mliaji wake wa ukumbini, na mkwe mmoja aliyesoma mambo mawili matatu kwenye simu akajiona daktari. Mkwe wa hapa walimwita Profesa. Alimpokea nesi mlangoni akitamba, akimuuliza si walisema mama amekwisha, na ndugu wote wakacheka.

Nesi alikuwa na utaratibu asioukosa: kuwaingiza wanafamilia mmoja mmoja, kila mtu amuage mgonjwa na kumruhusu apumzike. Wote walikwishaaga isipokuwa binti mkubwa. Jana yake huyo alimkumbatia mama yake, akasema hamuagi ng'o, na kama yuko yeyote yule anayeweza kumbakiza, basi aje ambakize. Nesi alimkanya, akaambulia kuambiwa ana roho ngumu.

Sasa alimshika mgonjwa mkono apime mapigo. Hayakuwepo. Akahamia shingoni, akaweka kipimo kifuani, akasikiliza upande huu na upande ule, na kadiri alivyosikiliza ndivyo kimya cha kifua kile kilivyozidi kuwa kizito, kimya cha nyumba ambayo watu wamekwisha kuhama, huku kinywa kikiendelea kutafuna supu isiyo na kitu cha kutafuna, na macho yakimtazama kwa upole bila kupepesa, yakimsubiri amalize.

Aliwatoa ndugu wote waliomfuata chumbani, akabaki na binti mkubwa. Hasira ilimpanda kuliko hofu.

"Muage mama yako," alinong'ona. "Sasa hivi. Mwambie aende."

"Nesi, si unaona anakula?"

"Huyo anayekula simjui. Wewe muage."

Binti alisita sana, kisha akainama. "Mama, nenda. Nimekuruhusu."

Kijiko kikatulia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mama yake kabisa, hata kile kikohozi chake cha kabla ya maneno.

"Mama yako alikwenda jana, mwanangu, ukiwa umemkumbatia. Mimi ndiye niliyeitika."

Nesi alirudi nyuma mpaka ukutani, akapapasa kitasa, akamvuta binti mkono, akimwambia watoke, kuna mganga mtaa wa pili, atamfukuza huyu na mama atazikwa kwa heshima yake. Binti hakusogea. Hakuonekana hata kushtuka.

"Najua," alisema taratibu. "Nimejua tangu asubuhi, nilipomwogesha. Alinishukuru. Mama hajawahi kunishukuru hata siku moja."

Akakichukua kile kijiko, akachota supu, akaipuliza ipoe.

"Ukitoka, nesi, nifungie mlango."