Siku Mitambo Iliponyamaza

Kila Jumamosi Wino alizijua kazi zake bila kuambiwa: kufua sare ya shule, kudeki kibaraza, kujaza pipa la maji, kisha kumpelekea mama yake mkasi na uzi kwenye ukumbi wa mtaa. Jina la Wino alipewa kwa sababu vidole vyake vilikuwa vya buluu mwaka mzima. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwandiko wake ulisifiwa mpaka na walimu wasiosifu mtu.

Ukumbi ule ulikuwa na bati lililotoboka mahali patatu, na kila mwanamke wa mtaa alijua pa kutega ndoo mvua ikianza. Huko ndiko kina mama walikoandaa tamasha lao la maigizo na sanaa. Waliowahi kuliona hawajalisahau mpaka leo. Hakukuwa na mfadhili, wala mgeni rasmi wa kukata utepe. Mama yake Wino, fundi cherehani, alishona mapazia kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kazini. Muuza mkaa alisomba viti kwa mkokoteni wake mwenyewe. Kiongozi wao alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kupasua jiwe. Alitoka zamu akaja moja kwa moja, sare bado mwilini. Hakuna aliyelipwa. Wanaume wengine walipita mlangoni wakicheka, "Wanawake wamekosa kazi!"

Muuguzi aliwajibu bila kugeuka, "Kazi tunazo, shemeji. Tulichokosa ni mtu wa kutusikiliza."

Maigizo yao hayakutoka vitabuni. Kila mwanamke alisimulia jambo lililompata, na aliyejua kuandika akaliandika. Kisha mwandishi alirudi kumsomea mwenye kisa, kabla hajamsomea mtu mwingine yeyote. Mwenye kisa akisema, "Huyo ndiye mimi," basi kiliingia mazoezini, na aliyekiandika ndiye aliyekicheza jukwaani.

Mwaka ule Wino alipewa kisa cha Bi Mitambo.

Bi Mitambo alikuwa mfumaji wa kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na miwili. Kelele za mitambo zilimla masikio, ndiyo maana naye alizungumza kwa kelele, kana kwamba kila mtu yuko ng'ambo ya mto. Kwenye lango la kiwanda kile lilikuwapo bamba la shaba lenye majina ya mameneja saba. Jina la mfumaji hata mmoja halikuwamo, utafikiri nguo zilijifuma zenyewe.

Wino alimkuta kibarazani kwake, akafungua daftari. Bi Mitambo akaanza mwanzo kabisa: jinsi alivyoamka saa kumi alfajiri, jinsi vumbi la pamba lilivyoingia puani, jinsi uzi ukikatika unavyofungwa kwa vidole viwili tu. Wino akiuliza swali huku ameinamia daftari, ilibidi alirudie mara tatu kwa kupiga kelele. Kule uwanjani wenzake walikuwa wakiruka kamba, na zamu yake ilikuwa ikipita hivi hivi. Nusu saa haikutimia.

"Bibi, mama ananiita!" alisema kwa sauti.

"Bado sijafika kwenyewe, mjukuu wangu. Hapa nilikuwa nakupitisha mlangoni tu."

"Nitarudi kesho!"

Hakurudi kesho, wala keshokutwa. Alikaa mezani kwao akamalizia mwenyewe: msichana mfumaji alilia kila siku, akampigia meneja magoti, meneja mwema akamhurumia akampa likizo. Alipowasomea kina mama, wawili wakafuta machozi.

"Umemsomea mwenyewe?" akauliza muuguzi.

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Akasema, huyo ndiye mimi."

Uongo wa kwanza ulimkwama kidogo kooni. Wa pili ulipita kama maji.

Siku kumi na mbili kabla ya tamasha, wakiwa mazoezini, Bi Mitambo akaingia na mkongojo wake, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango. Wino akamwona. Mwanya, rafiki yake aliyekuwa naye kando ya jukwaa, akamfinya.

"We! Mwenyewe huyo! Si uliniambia hukumaliza kumsikiliza?"

"Nyamaza," Wino akanong'ona. "Kwani yule anasikia? Ataona watu wanapiga makofi, naye atapiga."

Basi akapanda jukwaani. Akalia, akapiga magoti, akamshukuru meneja. Makofi yakalia ukumbi mzima. Bi Mitambo hakupiga. Aliinuka, akaja mbele polepole, ta, ta, ta, mpaka akasimama chini ya jukwaa.

"Mjukuu wangu, nilimpigia nani magoti mimi?"

Akaegemea mkongojo wake kwa mikono miwili.

"Masikio yangu yamebaki kiwandani," akasema. "Lakini kule ndani hakuna aliyemsikia mwenzake. Tuliongea kwa midomo bila sauti, mmoja mstari huu, mwingine mstari wa kule. Midomo naisoma kama wewe unavyosoma kitabu. Nimekusoma juu ya jukwaa. Na kabla ya hapo nimekusoma pale kando, na mwenzio."

Wino akahisi uso unawaka moto. Mwanya akatazama vidole vyake vya miguu.

"Hadithi hiyo iondoeni," Bi Mitambo akamwambia muuguzi. "Mameneja walinisahau bila kunijua. Ninyi mnanisahau mkinitazama usoni." Akatoka.

Muuguzi akageuka. "Wino, kuna nini?"

Neno lilikuwa tayari ulimini: bibi mzee, labda amesahau alichosema. Lingeaminika. Watu wazima huamini upesi kwamba wazee wamesahau. Lakini cherehani ya mama yake, iliyokuwa ikilia kwenye kona ya ukumbi tangu mchana, ilikuwa imesimama. Mama alikuwa anamtazama, mkono juu ya gurudumu, anangoja.

"Sikumsomea," Wino akasema. "Mwanzo ni wake. Kule mbele kote nimetunga. Niliwadanganya."

"Kutunga si kosa," muuguzi akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Ungesema umetunga, tungekupongeza. Wewe umetunga, kisha ukabandika uso wa mtu. Hii sehemu hutaicheza. Na kama Bi Mitambo hatarudi, basi mwaka huu tamasha halina kisa cha kiwanda, na wafumaji wote wa mtaa huu watajua ni kwa nini."

Njiani mama hakumgombeza. Walipofika mlangoni alisema tu, "Kesho ukitoka shule, nenda. Msamaha ni neno la dakika moja; hilo usilione kazi. Nenda kasikilize."

Wino alikwenda. Bi Mitambo alimwona anakuja, akageuza kigoda chake, akampa mgongo. Hapo ndipo Wino alipong'amua jambo: mtu anayesikia kwa macho akikupa mgongo, amekufungia mlango na komeo. Ungepiga kelele mpaka ukauke koo, bure. Akaketi kwenye ngazi. Jua likashuka, mgongo haukugeuka, akarudi nyumbani. Siku ya pili akaketi tena. Siku ya tatu Bi Mitambo akageuka, akamtazama juu mpaka chini.

"Wewe mtoto una makalio ya chuma."

Wino hakupaza sauti. Akasema kwa midomo mitupu, taratibu, "Nisamehe, bibi. Nilidanganya kwa jina lako."

"Fungua mdomo vizuri. 'Nisamehe' umeimeza nusu."

Akarudia. Bi Mitambo akaguna, akasogeza kigoda. "Haya. Tulikuwa bado tuko mlangoni. Ingia."

Jioni ile Wino alisikia yote. Wafumaji walisimama saa kumi kwa siku. Kukaa kulikuwa kosa. Jirani wa Bi Mitambo, mjamzito wa miezi saba, akaanguka kando ya mtambo wake. Nyapara akamwambia ainuke au aende kwao moja kwa moja.

"Nikavuta mkono wa mtambo wangu, ukazima. Nikainua ngumi juu, hivi. Kwetu hiyo ilikuwa na maana ya 'zima'. Mstari wangu ukazima. Ukafuata wa pili, wa tatu. Mitambo sitini, mjukuu wangu! Kimya kikaingia mle ndani kwa mara ya kwanza mchana. Tukasikia bati linavyolia kwa jua. Nikamsikia jirani yangu anasema, ahsante, dada. Miaka tisa tulikuwa bega kwa bega, sauti yake sijawahi kuisikia. Nilidhani ni nene. Kumbe nyembamba, kama ya kifaranga."

"Ulilia, bibi?"

"Nililia, kwa nini nisilie? Lakini si mbele ya nyapara, na si kwa ajili yake." Akanyoosha mguu unaouma. "Tulipata viti. Vyote sitini. Mimi nikashushwa cheo nikafagie mwaka mzima. Nikafagia, huku nikivitazama."

Wino aliandika mpaka kalamu ikamchoma kidole. Kesho yake akamsomea, uso wake ukiwa mbele ya mwanga ili midomo ionekane. Bi Mitambo akamsahihisha mahali panne, kisha akalifunga daftari mwenyewe.

"Mwambie muuguzi nakuja. Lakini najicheza mwenyewe. Nyie watoto hamjui kusimama saa kumi mfululizo."

Siku ya tamasha ukumbi ulifurika mpaka madirishani. Wino hakuonekana na mtu. Alikuwa nyuma ya pazia na wasichana wengine, wamepanga mistari minne, wanapiga mabeseni na mbao kwa miiko: ndiyo mitambo. Kelele ilikuwa kubwa mpaka vumbi likadondoka kutoka darini. Mbele yao, katikati ya jukwaa, Bi Mitambo alifunga nyuzi zisizokuwapo kwa vidole viwili. Kisha akainua ngumi.

Mstari wa kwanza ukanyamaza. Wa pili. Wa tatu. Wa mwisho ulikuwa wa Wino.

Kimya. Hakuna aliyekohoa. Wino akachungulia penye mshono wa pazia. Kule kwenye viti, mwanamke mzee mwenye miwani alikuwa ameinua ngumi. Nyuma yake, mwingine. Kando ya dirisha, wawili. Walikuwa wafumaji wa zamani wa kiwanda kile, na baadhi yao hawakuwa wametembelewa na mtu kwa miaka. Wino akahesabu ngumi kumi na moja, na hakuna iliyoshuka. Makofi yalichelewa sana kuja, na yalipokuja hayakujua kukoma.

Muuguzi alimkuta Wino amekaa kati ya mabeseni, macho mekundu.

"Umeona, mwanangu? Kile cha kwanza kilikuwa kitamu. Watu wangefuta machozi wakaenda zao. Uongo, hata ukiwa mzuri, unamhusu anayeusema tu. Leo kila mmoja aliyekaa pale amepata chake. Ukitaka ukweli, sharti umpe mwenzio muda wako, na ukikosea, urudi useme nimekosea. Umefanya yote mawili, ingawa umechelewa."

"Wale walioinua ngumi," Wino akauliza, "nani amewaandika?"

"Hakuna."

Wino akaomba daftari. Ukumbini watu walikuwa wanakumbatiana na kuitana kwa majina ya zamani. Yule mwenye miwani alikuwa bado kitini peke yake. Wino akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akamwamkia. Kisha akanyamaza, akamwacha aanze anapotaka.