Nguzo ya Mafuriko ya Tansy Fork

Nguzo ya kushoto ya kibaraza cha kanisa la Tansy Fork ilikuwa imetoweka, lakini paa lilikuwa palepale.

Mahali pa nguzo palisimama mbao nene ya mwaloni, imekazwa kwa jeki ya gari. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Hapakuwa na hata unga wa mbao.

Inspekta Orlena Gentry wa polisi wa wilaya alichuchumaa, akaitazama ile jeki.

"Nani aligundua?"

"Mimi," alisema Clovis Rathbone, mwenyekiti wa kamati ya maji. Lori lake la maji lilikuwa bado linanguruma barabarani. "Nimekuja asubuhi hii kujaza mapipa. Nikasema, ee Mungu wangu, hata nguzo ya kanisa?"

"Umegusa kitu?"

"Nimegusa kichwa changu tu, kwa mikono miwili."

Orlena hakucheka. Alijua nguzo ile ilikuwa na thamani gani.

Ilikuwa ya mti wa chesnati, mti ambao mababu waliutumia kujengea na ambao sasa haupatikani tena milimani. Kila mto ulipofurika, shemasi mzee kuliko wote alichonga mstari kwa kisu chake pale maji yalipofika. Kimbunga cha msimu uliopita wa majani kupukutika kilileta mstari ulio juu ya mingine yote. Kilibeba pia mtambo wa kusafisha maji, na tangu hapo mji mzima ulikuwa unakunywa maji ya lori.

Baraza la bonde la mto lilikuwa limepitisha sera mpya: mtambo wowote wa maji usijengwe chini ya alama ya mafuriko makubwa kuliko yote. Serikali ya shirikisho ilikuwa tayari kulipia mtambo mpya juu mlimani. Ila kwanza ofisa wake apime alama hiyo mahali pake. Alikuwa anafika Jumatatu, na leo ilikuwa Jumamosi.

"Hakuna alama nyingine?" Orlena aliuliza.

"Kipimo cha mtoni kilisombwa. Kuta za kanisa tulizisugua wenyewe kwa sabuni, tukazipaka rangi, tukaimba na nyimbo. Nani angejua kwamba matope nayo ni ushahidi?"

"Picha?"

"Zipo. Picha inaonyesha mkwaruzo kwenye mti. Haisemi uko juu kiasi gani."

"Basi wakikosa kupima?"

"Bila alama, sera haishiki. Watatujengea palepale chini, tusubiri kimbunga kingine." Clovis alivua kofia. "Unamjua binti yangu Tamsin. Figo zake zinasafishwa kwa mashine, na mashine inataka maji safi ya bomba, siku zote. Amekaa mji mwingine kwa watu tangu kimbunga. Kila akipiga simu ananiuliza swali moja tu: 'Baba, nije lini?'"

Mtaalamu wa alama za vidole alinyunyiza unga wake kwenye jeki na kwenye mbao. Akatikisa kichwa. Mwizi alivaa glavu.

Orlena alitazama juu, kwenye boriti. Matundu ya misumari yalikuwa mazima, bila mbao kupasuka popote. Misumari yenyewe haikuwepo.

Aliomba kimoyomoyo, kama alivyozoea kabla ya kila kazi: Bwana, nionyeshe, na unipe moyo wa kuvumilia nitakachokiona.

*

Dewey Stamper alikuwa ananunua mbao za mabanda ya zamani na kuwauzia matajiri wa mijini. Kila mtu alimtaja yeye kwanza.

"Ulikuwa wapi jana, Dewey?"

"Nilikuwa kwa mama mkwe wangu, namtengenezea choo. Ukitaka shahidi, muulize yeye. Ananichukia, hawezi kunisingizia wema."

"Ungeitaka ile nguzo?"

"Nani asiyeitaka chesnati? Lakini Inspekta, niangalie vizuri. Mimi nikiiba, nakuja na msumeno wa mashine, kata, pakia, kimbia. Nisimamishe jeki ya nini? Paa la Wabaptisti likiwaangukia Wabaptisti, mimi linaniuma wapi?"

"Na kufagia?"

"Mke wangu angekufa kwa mshangao."

Orlena alifunga daftari lake. Mama mkwe alithibitisha kila neno, kwa masikitiko.

Njiani aliyapanga mambo kichwani. Mwizi wa kawaida huchukua nguzo, na fundi huchukua nguzo pamoja na misumari yake. Lakini aliyeegemeza paa ili lisimwangukie mtu, kisha akafagia, huyo lazima alikuwa anajua kwamba kesho yake watu wangekuja kusali hapo. Huenda naye angekuja.

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kuoshana miguu.

*

Orlena alikaa benchi la nyuma. Alilelewa katika kanisa hilo na alijua taratibu zake. Mara moja kwa mwaka kila mmoja huchukua beseni na taulo, akapiga magoti, akamwosha miguu mwenzake. Na kila mtu ana mwenzake wa siku zote. Ila mwenye kosa na ndugu yake hagusi beseni mpaka wapatane. Huko milimani mtu anaweza kumdanganya hakimu, lakini hawezi kulidanganya beseni.

Kanisa zima lilipiga magoti kwa sala. Orlena alisali akiwa amefumba jicho moja tu. Mungu atamsamehe, alikuwa kazini.

Mabeseni yakapita. Maji yake yalitoka kwenye mapipa ya Clovis.

Clovis alivua viatu, akageuka kumtafuta mwenzake. Tangu ujana wao alikuwa anaoshana miguu na Shemasi Hobart Ledford, fundi seremala. Ndiye aliyechonga ule mstari wa mwisho kwa kisu chake.

Hobart hakuwa amevua viatu.

"Njoo basi, Ndugu Hobart," Clovis alinong'ona. "Nimenunua na soksi mpya kwa ajili yako."

"Nenda na mwingine leo, Ndugu Clovis. Magoti yananisumbua."

Clovis alibaki na taulo mkononi kama mtu aliyefungiwa mlango usoni.

Lakini Orlena alikuwa amemwona Hobart akipiga magoti wakati wa sala, akainuka bila kushika kitu.

*

Alimfuata nje, chini ya ile mbao ya mwaloni.

"Mzee Hobart, magoti yako ni mazima."

Mzee aliitazama jeki.

"Jeki ni ya nani?"

"Ya gari la marehemu mke wangu."

"Nguzo iko wapi?"

"Karakanani." Macho ya mzee yalijaa machozi. "Nimeifunika vizuri, haina hata mchubuko."

Waliikuta imelazwa juu ya meza ya useremala, imefunikwa kwa blanketi la viraka aliloshona mke wake, Ione. Kando yake palikuwa na kipande cha kadibodi. Misumari ya zamani ilikuwa imechomekwa hapo, kila mmoja kwa mpangilio ulivyotoka.

"Ulikusudia kuirudisha," alisema Orlena.

"Ofisa akishaondoka."

"Kwa nini, Mzee wangu? Umeuchonga mstari mwenyewe!"

Hobart alielekeza kidole dirishani, kwenye nyumba yake ndogo na mitufaa nyuma yake. Chini ya mitufaa palikuwa na kaburi.

"Siku ile niliuchonga nikiwa ndani ya mashua. Sikuwaza, nilifanya kama baba zetu walivyofanya. Baadaye ndipo nilipotazama kutoka kanisani, usawa wa mstari, nikaona unapita juu ya mlango wangu. Watu wakasema nyumba zilizo chini ya mstari zitanunuliwa na serikali, zibomolewe, pawe majani matupu milele. Nimemwahidi Ione sitamwacha peke yake."

"Ulimwuliza nani kama ni kweli?"

"Sikumwuliza mtu. Mwenye hofu haulizi, Inspekta. Anaogopa jibu."

"Na Tamsin?"

Mzee alifunika uso kwa viganja vyake. "Huyo ndiye aliyenizuia kwenye beseni. Ningeishikaje miguu ya baba yake?"

*

Jumatatu ofisa wa serikali ya shirikisho, mhandisi Marisol Quintero, aliitazama nguzo, kisha akamtazama Orlena.

"Samahani. Nguzo ikishang'olewa, kwangu ni kuni. Nitajuaje mstari ulikuwa juu kiasi gani?"

Clovis aliinamisha kichwa.

"Kwa misumari," alisema Hobart.

Alipanda ngazi. Msumari kwa msumari, tundu kwa tundu, akairudisha nguzo mbele ya macho yao. Kila msumari uliingia mpaka kichwa chake kikalala kwenye kovu lake la zamani. Kitako cha nguzo kikakaa ndani ya shimo la jiwe, hata unywele usingepita.

Quintero alipapasa maungio. "Sawa, imerudi ilipokuwa. Na mstari wenyewe? Nani aliyaona maji hapa?"

"Mimi," alisema Hobart. "Nitaapa. Kisu kilikuwa mkononi mwangu, na maji yalikuwa yanalamba kisu."

"Unajua kwamba ukiapa, nyumba yako inaingia chini ya mstari?"

"Najua, mama. Andika."

Orlena aliandika maelezo yake yote mawili, ya ungamo na ya ushahidi. Mzee alitia sahihi kila mahali.

Ndipo Quintero alipomwambia, "Ununuzi ni wa hiari, Mzee. Hakuna atakayekutoa. Ila nyumba ikibaki, itabidi iinuliwe juu ya nguzo ndefu, na upo msaada wa kuomba kwa kazi hiyo. Siwezi kukuahidi kwamba utapata."

"Nguzo?" Hobart alipangusa uso. "Nguzo nazijua mimi."

Ndipo Clovis alipocheka, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi. "Tunajua unazijua! Ila safari hii utumie za kwako!"

Kanisa, lililokuwa mlalamikaji, lilikataa kumshtaki. Jalada likafungwa. Clovis aliingia ndani, akatoka na beseni. Hapohapo kibarazani, mbele ya serikali na polisi, akapiga magoti mbele ya Hobart na kumfungua kamba za viatu.

Mtambo mpya uliwashwa juu mlimani mwaka uliofuata, majira ya maua ya mitufaa. Jumapili ya kuoshana miguu ilipofika, hapakuwa na mapipa kibarazani. Tamsin Rathbone, aliyekuwa amerudi nyumbani, ndiye aliyefungua bomba la kanisa na kuyajaza mabeseni.