Vidonge Chini ya Vifungo

"Hivi mwanangu, mama yako anameza vidonge au anameza maji tu?"

Jirani yao, dobi, alimuuliza msichana swali hilo siku moja huku akikamua shuka uani. Msichana alikasirika. Tangu uvimbe uonekane kwenye pafu la mama, kazi ya dawa ilikuwa yake. Kila asubuhi kabla ya shule alimpa kidonge na bilauri ya maji, akasimama pale mpaka ameze. Mama akambandika jina la Nesi. Na uvimbe ulikuwa umeanza kusinyaa, Mungu ashukuriwe.

"Mama hawezi kunidanganya," alijibu, akajiondokea.

Lakini kikohozi kilirudi. Mama, ambaye ni fundi cherehani, akawa anashona kidogo, anapumzika kidogo. Jumamosi alipokuwa amejilaza, mteja alikuja na shati lililokatika kifungo. Msichana akachakura ndani ya kopo la vifungo. Chini kabisa akakuta vidonge, vingine vimelowa mate vikakauka.

Alimpelekea mama lile kopo, akaliweka mapajani mwake.

"Mama, hivi ni vifungo vya nguo gani?"

Mama alilisogeza kopo kando. "Vilinitoa vipele uso mzima, mwanangu. Wateja wakawa hawanikaribii. Na uvimbe si ulipungua? Nikajua kazi imekwisha."

"Kwa hiyo ulikuwa unavificha mdomoni, mimi nasimama hapo kama mjinga."

Jumatatu walikwenda kliniki pamoja. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, kidonge hiki haking'oi ugonjwa. Kwenye utando unaoizunguka seli kuna vipokezi, vinapokea ujumbe kutoka nje. Kwa ndani kipokezi kimeshikana na kimeng'enya kinachoiamuru seli igawanyike. Katika uvimbe wako kimeharibika, kinaamuru bila kutumwa. Dawa ni kizuizi: inakaa pale kimeng'enya kinapofanyia kazi, nacho kinatulia. Wewe ukikanyaga cherehani na mimi nimelishika gurudumu, sindano itashona?"

"Haiwezi."

"Nikiliachia je?"

"Itashona tena," mama alisema.

"Vipele vina dawa yake, ungesema tu," daktari aliendelea kwa upole. "Vipimo vinaonyesha tumewahi. Lakini sikiliza, mama. Mgonjwa akimficha anayemuuguza, anaupa ugonjwa nafasi, na anamvunja moyo mtu anayempenda. Dawa ikikushinda, sema. Kusema hakuna aibu."

"Nimekosa," mama alisema. Palepale akachukua kidonge, akameza, akamgeukia binti yake na kupanua mdomo, akainua na ulimi.

"Umeona, mwanangu? Nimemeza."

"Hata zile siku niliona, mama," msichana alisema.

Akachukua mkoba wake wa shule, akafungua mlango, akatoka.