Simsim ya Arobaini

Zulaika aliuza njugu mjini Koboko, kando ya barabara inayokwenda mpakani. Asubuhi alizikaanga kwa chumvi kwenye sufuria pana. Kisha alizipepeta na kuzimimina kwenye karai. Alikaa nyuma ya karai hilo mpaka jioni.

Asubuhi hakula kitu. Alikunywa chai ya rangi akiwa amesimama. Mchana pia hakula. Alisema mfanyabiashara akienda kula, mteja anaenda kwa jirani. Lakini mkono wake haukutulia. Akiuza kikombe kimoja, njugu chache zilikwenda mdomoni. Akisalimiana na mtu, njugu tena. Akiwa hana mteja, ndiyo zaidi. Jioni ukimwuliza amekula nini, alijibu kwamba hajala kitu tangu asubuhi. Hakuwa anadanganya. Kweli hakujua.

Akifika nyumbani alikula kama mtu anayefukuzwa. Alisimama jikoni, sufuria mkononi, akameza bila kutafuna vizuri. Watu walimsifu. Walimwambia, "Mama Aziz, umenona, biashara iko muzuri." Hakuna aliyemwuliza kwa nini magoti yanamuuma, au kwa nini ana kiu siku nzima.

Haraka hiyo ilikuwa na mwanzo wake. Mama yake, Bibi Hawah, alikimbia vita akiwa na mimba. Watu wa Koboko wanaijua miaka ile. Serikali ilianguka Kampala, na askari walioshinda wakaja kulipiza kisasi kwa watu wetu, kwa kuwa mtawala aliyeanguka alikuwa wa kwetu, hata kwa mwanamke ambaye silaha yake ilikuwa jembe. Hawah alivuka kuingia Kongo na watoto wawili. Mvulana akafa huko kwa njaa. Msichana, Kaltumu, akapona. Zulaika alizaliwa huko huko, porini. Wakubwa walioiharibu nchi, wa upande huu na wa upande ule, hawakulala njaa hata siku moja. Nayasema haya kwa sababu watu wanasahau upesi, halafu wanamcheka mwanamke kwa kuwa anakula.

Waliporudi nyumbani, Hawah aliwafundisha binti zake jambo moja. Chakula kikiwa mbele yako, kimalize, na ukimalize mbio, kabla mwingine hajaja. Kula ndani, watu wasione. Porini maneno hayo yaliokoa maisha. Vita vikaisha, lakini hakuna aliyekuja kuyaondoa maneno hayo katika nyumba ile. Yalibaki kama risasi iliyobaki mwilini.

Bibi Hawah alikufa mwanzo wa kiangazi. Alizikwa Midia, shambani kwake. Ndugu wakakubaliana kwamba dua ya arobaini isomwe Koboko, nyumbani kwa Zulaika. Wakaleta mchele, sukari na tende. Zulaika mwenyewe alitengeneza simsim, yaani ufuta. Aliikaanga, akaichanganya na asali, akaiviringisha vidonge vidogo, kwa sababu mama yake alivipenda. Vikajaa ndoo kubwa yenye kifuniko. Vitu vyote vikawekwa stoo, na ufunguo akakaa nao Zulaika.

Nyumba ile ilikuwa na mtu mwingine mzima wa kike. Huyo ni Shakira, mke wa mwanawe Aziz. Shakira alizaliwa Mvara, kule Arua. Alikuwa na mtoto mchanga, Sumayah, aliyekuwa anaanza kutambaa. Shakira ndiye aliyepika, akafagia, akapokea wageni wa msiba. Mara kwa mara aliomba ufunguo ili achote mchele.

Siku moja Zulaika aliingia stoo kuchukua sukari. Akamkumbuka mama yake. Akafungua ndoo, akala kidonge kimoja. Halafu kingine. Alipojitambua, tumbo lilikuwa limejaa mpaka linauma, na mdomo ulikuwa bado unatafuna. Utamu wenyewe hakuusikia. Akakaa juu ya gunia akalia.

Akaapa kwa jina la Mungu kwamba hatarudia. Kesho yake, ili kujiadhibu, hakula kitu kabisa. Hata njugu hakugusa. Alasiri njaa ikamzidi. Akaingia stoo tena, na safari hii alikula zaidi. Akaapa tena. Akajinyima tena. Akarudi tena. Kila alivyojibana, ndivyo alivyoanguka vibaya.

Kabla ya dua, Kaltumu, dada yake mkubwa, alitoka Midia kuja kusaidia. Wanawake walijaa uani. Kaltumu akaingia stoo, akatoka na ndoo mkononi. Akaigeuza mbele ya watu wote. Vikaanguka vidonge vichache na mavumbi ya simsim. Tende nazo zilikuwa zimeisha.

Kaltumu akauliza, "Nani iko na ufunguo wa hii stoo?"

Watu wakamtazama Zulaika. Angeweza kusema. Maneno yalikuwa machache tu. Lakini aliona aibu, na aibu ni mshauri mbaya kuliko mlevi. Akasema kwa sauti ndogo, "Si mimi peke yangu. Shakira pia anaingia."

Mwanamke mmoja akacheka. Akasema, "Kumbe panya wa Arua anatembea na miguu mbili."

Wengine wakacheka naye. Shakira alikuwa amepiga magoti akiosha sahani. Akamwangalia mama mkwe wake, akangoja. Zulaika akainamisha kichwa. Shakira akasema, "Mama?" Hakujibiwa. Basi akaendelea kuosha sahani.

Dua ilisomwa. Wageni walikula wali wakaondoka. Kesho yake Shakira alimfunga Sumayah mgongoni, akapanda gari la Arua. Aziz alimfuata. Alirudi peke yake. Akamwambia mama yake kwamba Shakira amesema jambo moja tu. Yule aliyelisema neno lile mbele ya watu, ndiye aje kuliondoa.

Nyumba ikawa kimya. Na katika kimya kile Zulaika alikula kuliko zamani. Alikula mandazi ya jana, alikula sukari kwa mkono. Alimla Bibi Hawah, alimla Shakira, alimla mtoto. Ndivyo alivyosema mwenyewe baadaye. Chochote alichomeza kilikuwa na majina yao.

Jirani wa nyumba ya pili ni Agnes Keji, nesi. Wote wanamwita Sista. Alasiri moja alikuja kuazima ungo. Akapiga hodi, hakuitikiwa. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Akamkuta Zulaika kwenye gunia, mashavu yamejaa, machozi yanatiririka. Sista hakurudi nyuma. Alivuta gunia jingine akaketi.

Zulaika alimeza kwa shida. Akasema, "Sista, toka. Mimi ni mutu mulafi."

"Mlafi anafurahi," Sista akasema. "Wewe unafurahi?"

"Hapana. Hata utamu sisikii."

"Basi si ulafi. Asubuhi ulikula nini?"

Zulaika akasema chai. Na mchana? Hakuna kitu, alikuwa anajinyima kwa sababu ya jana yake. Sista akacheka kidogo, bila dharau.

"Mama Aziz, wewe unafunga mbwa bila chakula siku nzima, halafu jioni unashangaa anakata kamba."

Kisha Sista akamweleza polepole. Mwili uliolala njaa mchana hulipiza jioni. Kujinyima baada ya kula sana hakutibu, kunaleta kula sana kwingine. Dawa ya kwanza ni kula. Kula asubuhi, kula mchana, kula jioni, chakula cha kweli. Keti chini. Pakua kwenye sahani, funika sufuria, tafuna, weka kijiko chini, pumzika. Zulaika akasema kwamba yeye ni Mwislamu na kufunga ni wajibu wake. Sista akajibu kwamba kufunga ni ibada na hana neno nalo, lakini ibada si fimbo ya kulipigia tumbo. Tena mtu mwenye kiu kama yake azungumze na daktari kabla ya Ramadhani.

"Na mkono wangu kwenye karai?" Zulaika akauliza. "Unakwenda wenyewe."

Sista akamwambia afunike karai kwa kitambaa, akifunue mteja akija. Akitaka njugu, achote kwenye kikombe kidogo, akae, azile akizitazama. Kikombe kikiisha, kimeisha. Na hamu ikija wakati hana njaa, ajiulize ni nini hasa kinachouma. Labda ni uchovu. Labda ni hasira. Labda ni msiba.

"Hamu ni kama uji unaochemka," Sista alisema. "Unapanda mpaka ukingoni, unadhani utamwagika. Ukitoa kuni moja, unashuka. Toka nje, nawa uso, ita mtu uongee naye. Itashuka. Siku nyingine haitashuka, utaanguka. Ukianguka usiape na usijinyime. Chakula kinachofuata, kula kama kawaida."

Zulaika akamwambia habari za porini, maneno ya mama yake, na jinsi alivyomwachia Shakira lawama. Sista alisikiliza mpaka mwisho. Naye ni mtoto wa wakimbizi, wa upande wa Sudani. Akasema, "Mama yako alisema kweli kwa wakati wake. Lakini hakuna askari mlangoni sasa. Hiyo chakula itakuwepo kesho."

Halafu akaongeza neno ambalo Zulaika hakulitaka. Kula kwa kificho kunanenepa gizani. Madhali yule msichana aliyeko Arua bado anaitwa mwizi, stoo ile haitafungika.

Zulaika alikwenda kituo cha afya. Walimpima damu, wakamwambia sukari imeanza kupanda, bado inaweza kushushwa. Kwa watu wengine, walimwambia, kula bila kujizuia ni ugonjwa unaotokana na huzuni, na msaada upo. Si jambo la kuchekwa. Ninyi mnaosimama vibarazani na kuhesabu matonge ya wenzenu, sikieni hapo.

Alianza kula asubuhi. Muhogo na chai, au uji wa mtama, akiwa ameketi. Mchana alifunika karai, akala maharage na mboga nyuma ya kibanda. Wateja hawakukimbia. Walingoja kidogo, wengine wakaketi naye. Aliteleza mara nyingi. Lakini siku za kuteleza zilianza kuachana mbali.

Kwenda Mvara tu ndiko kulikomshinda. Alisema atakwenda akipona kabisa. Alisema atakwenda mvua zikikatika. Zikakatika. Alisema Aziz atangulie. Hivyo ndivyo miezi ilivyopotea, na hapo hakuna mwingine wa kulaumiwa, si vita wala mama yake. Kule Arua Sumayah alisimama, akapiga hatua, akataja neno lake la kwanza. Bibi yake hakuwepo.

Mwishowe alikwenda. Alimchukua Kaltumu, kwa sababu neno lililosemwa mbele ya watu haliondolewi chumbani. Nyumbani kwa kina Shakira walipokelewa na mama yake, Paska. Paska aliwapa viti na maji. Tabasamu hakuwapa. Akawaita shangazi na majirani, wakaketi. Shakira akaja, akapiga magoti akasalimia kama desturi, akarudi nyuma kidogo.

Zulaika akasimama. Akasema, "Simsim ya dua ya mama yangu nilikula mimi. Tende pia mimi. Huyu mtoto Shakira hakugusa kitu. Nilimpaka uchafu wangu. Dada Kaltumu, sikia. Paska, sikia."

Kaltumu akaweka mkono mdomoni. Paska alitazama chini. Shakira akasema, "Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilikuona. Nilikuja kuomba ufunguo, mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa unakula na unalia. Nikarudi pole pole usinione. Siku ile uani nilisema, mama atasema mwenyewe. Nikangoja."

Zulaika akaketi chini, si kwenye kiti, chini kabisa. Angelilijua hilo siku ile ile uani kama angelimtazama usoni yule msichana aliyekuwa anamlinda.

"Kwa nini hukusema?" Kaltumu akamwuliza Shakira.

"Ningemvuaje nguo mama wa mume wangu kwenye matanga?"

Paska akasimama. Akasema chakula kiko tayari, na mgeni haondoki Mvara na njaa. Wakanawa. Zulaika alipakua kidogo, akala taratibu, mbele ya watu wote. Ilikuwa vigumu kuliko kukiri.

Shakira hakurudi siku ile. Alisema atarudi, lakini kwa wakati wake. Alirudi baada ya mavuno, na Aziz akambebea mizigo. Kaltumu alikuja toka Midia kwa ajili hiyo tu. Akasimama uani pale pale, akawaambia wale wanawake nani alikula nini. Yule aliyesema habari za panya hakucheka.

Sasa Zulaika anapima sukari kituoni, na imeshuka. Magoti yanamruhusu kuinama. Stoo haina kufuli tena. Hamu ikija, anasema waziwazi, "Shakira, imekuja," na Shakira anaacha kazi wanatoka nje pamoja, wanaongea mpaka inapita. Kuna siku haipiti. Siku hizo pia anaketi kwa chakula kinachofuata.

Ila waliporudi, Sumayah hakumjua. Mchana wa kwanza walipoketi mkekani, Zulaika alimnyooshea mikono. Mtoto akalia, akajificha nyuma ya mama yake. Mwanamke mmoja jirani akamwambia Zulaika ampe kitu kitamu, atakuja mwenyewe mbio.

Zulaika akakataa. Alivuta sahani yake, akatafuna polepole, huku mtoto akimchungulia kwa jicho moja begani kwa Shakira. Alimaliza chakula chake, akanawa, akabaki hapo mkekani, mikono mitupu, akingoja.