Zamu ya Bibi Zabibu

Mama Ashraf, jirani yetu, anasema simu ya Mjomba Cuthbert ilifuta jina la Bibi Zabibu yenyewe. Anasema aliona kwa macho yake. Siku hiyo, kwa maelezo yake, Mjomba alikuwa ameichaji kwenye betri ya trekta bovu lililolala kando ya barabara, na umeme wa trekta ni mkali kuliko umeme wa nyumbani.

"Ikalia tiii! Kioo kikawa cheupe pee," alisema. "Halafu majina yakaanza kukimbia kama sisimizi waliomwagiwa maji ya moto. Yenye nguvu yakabaki. La Bibi Zabibu, maskini, likaenda."

Alisimulia hayo kwenye foleni ya maji, pale kwenye tangi la kijiji, ndoo yangu ikiwa ya sita. Mwanamke mmoja akauliza jina lenye nguvu likoje, na wengine wakacheka. Mama Ashraf hakucheka.

"Chekeni tu," alisema. "Mwenzenu mikorosho yake arobaini inakauka maua."

Nikasukuma ndoo yangu mbele. Nilijua simu haikufuta kitu. Niliyefuta ni mimi. Nilisubiri nione aibu, au nitetemeke, lakini sikusikia chochote. Moyo ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, upo lakini huusikii.

Mwaka huo wa 2012 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, niko darasa la sita. Kijiji chetu kipo huku juu, kando ya njia itokayo Masasi kwenda Newala. Mjomba Cuthbert, kaka yake mama, tuliyekaa naye ua mmoja, alikuwa na mashine ya kupulizia mikorosho, ile inayobebwa mgongoni. Mikorosho ikianza kutoa maua, ugonjwa wa ubwiri unga huja pamoja na baridi. Maua hupakwa unga wa kijivu, siku chache baadaye yanakuwa meusi na kudondoka, na ua likidondoka hakuna korosho. Dawa yake ni salfa. Hupulizwa alfajiri kabla upepo haujaanza, majani yakiwa bado na umande, ili ishike. Kwa hiyo kwa siku moja Mjomba alimaliza shamba moja, au mawili yakiwa yamepakana. Kila mtu alitaka kuwahi.

Zamani aliandika zamu za watu kwenye daftari. Daftari likaloa, likachanika, nusu likaliwa na panya. Ndipo akanunua simu Masasi, kwa fundi mmoja wa stendi. Ilikuwa imeshatumika na mtu mwingine, lakini ilikuwa simu ya herufi zote: chini ya kioo kidogo vitufe vimepangwa safu kwa safu, kila herufi na kitufe chake. Watu wakaiita simu ya punje, kwa kuwa vitufe vile vilifanana na punje za mahindi kwenye gunzi.

Simu ile ilifanya kazi, siyo mchezo. Saa kumi na nusu alfajiri ilimwamsha Mjomba, na kwenye kioo kulikuwa na jina la mwenye shamba la siku hiyo, idadi ya mikorosho na njia ya kupita. Aliandikiana barua pepe na muuza salfa wa Mtwara, akajua mzigo wake umepakiwa basi gani. Aliona majani yenye madoa asiyoyajua, akayapiga picha na kumtumia bwana shamba Newala, na jibu likaja kabla hajaitua mashine mgongoni. Tatizo lilikuwa vidole vyake. Ni vinene. Akitaka A anapata A na S kwa pamoja. Basi kila nilipotoka shule alikaa kwenye kigoda, akataja, mimi nikaandika.

"Anjelina, andika: Bibi Zabibu, Alhamisi, mikorosho arobaini."

"Nimeandika, Mjomba."

"Haya, soma."

Nikasoma. Akaitikia kwa kichwa, akataja mwingine.

Polepole Mjomba akaacha kubeba mashamba ya watu kichwani, akaibebesha simu. Na watu nao wakaacha kumwuliza yeye. Wakikutana naye njiani waliuliza, "Simu imesemaje?"

Agnes nilikaa naye dawati moja. Baba yake alikuwa amepangiwa wiki ya tatu, na siku moja wakati wa mapumziko Agnes akanivuta pembeni.

"Maua yetu yameshafunguka," alisema. "Tusogeze mbele."

"Anayepanga ni Mjomba."

"Anayepanga ni Mjomba. Anayeandika nani?" Akawageukia wenzetu. "Jamani, kumbe Anjelina ni kidole tu cha mjomba wake! Kidole kina kauli gani?"

Wakacheka. Siku nzima wakaniita Kidole. Kidole, nipe rula. Kidole, futa ubao. Nilifuta ubao.

Alasiri ile Mjomba alitaja majina mawili, kisha akaenda kusafisha mashine. Nikabaki na simu. Nikalifungua jina la Bibi Zabibu, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Simu iliniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Siku ya Alhamisi nikamwandika baba yake Agnes.

Bibi Zabibu nilitaka kumweka Jumamosi, lakini Jumamosi ilikuwa na mtu. Nikapekua mpaka wiki ya pili, siku zote zimejaa, na ile ya baba yake Agnes ya wiki ya tatu maua yasingeisubiri. Mama akaniita nikatwange. Nikajiambia, kesho nitamtafutia nafasi. Kesho yake Mjomba alikwenda na simu Newala. Keshokutwa nilikuwa nayo mkononi. Nikaitazama, nikaandika alichotaja Mjomba, nikamrudishia.

Bibi Zabibu ni mjane, anakaa peke yake karibu na shamba lake, na simu hana. Mjomba alikuwa amemwambia kwa mdomo: Alhamisi. Alhamisi Bibi akaamka gizani, akaburuta mfuko wake wa salfa mpaka chini ya mkorosho wa kwanza, akakaa. Ijumaa akakaa tena. Jumamosi akakaa. Hakuja kuuliza. Kwetu mtu mzima akishakupa neno lake humfuati nyuma, maana kumfuata ni kama kumwambia umemwona mwongo. Waliopita njiani aliwaambia tu, "Labda simu haijanitaja."

Alikaa hivyo siku tisa. Siku ya kumi Mama Ashraf alikwenda kutafuta kuni upande ule, akaona maua meusi chini. Alikuja mbio mpaka uani kwa Mjomba.

"Baba, Bibi Zabibu umemwacha kwa kosa gani?"

Mjomba akashtuka. Akafungua simu, akatafuta jina juu mpaka chini, akarudia. Halikuwepo. Alinitazama mimi niliyekuwa nachambua mboga, lakini hakuniuliza kitu. Alikuwa ameniona nikiandika jina lile, na nikamsomea kwa sauti. Haikumjia kabisa kwamba mkono ulioandika ndio ulioondoa.

"Simu imeniaibisha," alisema.

Basi maneno ya trekta yakaanza hapo, na kesho yake, siku ile ya foleni, yalikuwa yameshazunguka kijiji kizima. Nilijitwisha ndoo yangu. Sijui kwa nini, nikapita njia ya mbali, ile ya shambani kwa Bibi Zabibu. Alikuwa amekaa pale pale chini ya mkorosho, miguu ameinyoosha, mfuko wa salfa ubavuni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Simu imepona?"

"Bado, Bibi."

"Iambie mimi sina haraka," alisema. Akainua kidole kuonyesha juu. "Hayo ndiyo yana haraka."

Nikatazama alikoonyesha. Upande wa barabarani matawi yalikuwa meusi. Upande wa bondeni maua mengi yalikuwa bado meupe, mengine yameanza kushika rangi ya waridi, na unga wa kijivu ulikuwa umefika katikati ya shamba. Mtu yeyote wa kwetu angeweza kuona. Siku mbili tatu, na hayo nayo yangekwisha.

Nilipofika nyumbani Mjomba alikuwa anaifunga simu kwenye mfuko wa nailoni. Pikipiki ilikuwa imeshatolewa nje. Mama Ashraf alikuwa uani kwetu anapepeta mchele, mdomo haujapumzika.

"Unakwenda wapi, Mjomba?"

"Masasi kwa fundi. Nitakaa siku tatu, nne, mpaka ajue inaumwa nini. Siwezi kuingia mashambani kwa watu na simu inayokula majina."

"Na Bibi Zabibu?"

"Nikirudi nitaanza na yeye."

Niliishusha ndoo. Maji kidogo yakamwagika miguuni, ya baridi, na hayo niliyasikia.

"Simu ni nzima, Mjomba," nilisema.

"Umejuaje?"

"Jina nililifuta mimi. Nikamweka baba yake Agnes."

Ungo wa Mama Ashraf ukasimama hewani. "Haa! Na trekta je?"

"Mama Ashraf," alisema Mjomba bila kumgeukia, "lile trekta halina betri tangu mwaka juzi." Kisha akaniuliza, "Ulibonyeza bahati mbaya?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Nikauona.

"Hapana. Iliniuliza kama nina uhakika. Nikakubali."

Mjomba hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti cha pikipiki, akaanza kuufungua mfuko wa nailoni. Mama, aliyesikia yote kutoka ndani, akatoka mlangoni. Nililisema lile jambo kama mtu anayesoma majina ya mahudhurio, na machozi hayakuja. Mama alinitazama kama hanijui.

Mwishowe Mjomba akasimama. Alikwenda kumwomba radhi mtu wa kesho yake, naye akakubali kusogea. Alfajiri tulikuwa shambani kwa Bibi Zabibu. Mimi nilibeba maji na kitambaa cha kumfunga Mjomba puani. Mashine ikaunguruma, salfa ikapanda kwenye matawi kama moshi wa njano, ikatua polepole. Tulianza na upande wa bondeni, tukamalizia na katikati. Jua lilipochomoza Mjomba alizunguka shamba lote, akagusa maua mti kwa mti. Mikorosho ishirini na sita ilikuwa na maua ya kushika. Kumi na minne haikuwa na kitu mpaka mwaka unaofuata.

Mjomba alivua kitambaa. Uso wake ulikuwa wa njano, macho mekundu.

"Mama," alimwambia Bibi Zabibu, "kosa la kwanza ni langu. Nilikupa neno kwa mdomo wangu, kisha nikaacha kulibeba. Nilipoona halimo kwenye simu, nikaona limekufa."

Kisha akanigeukia. "Anjelina, sikiliza. Hiki kidude hakina upendeleo wala huruma. Hakimjui Agnes, hakimjui Bibi. Kinashika unachokipa. Kwa hiyo watu wanapoiamini simu, wanayemwamini ni anayeandika. Ukifanya kosa, sema siku ile ile, likiwa bado la mti mmoja. Wewe ulikaa kimya siku kumi, na kila siku ilikuwa na mikorosho yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

"Kuandika utaendelea kuandika. Lakini jina la mtu halihami mpaka mwenyewe ameambiwa, na utakayekwenda kumwambia kwa miguu yako ni wewe."

Akaipakia mashine kwenye pikipiki na kuanza kuifunga kwa kamba. Nikabaki na Bibi Zabibu. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kufuta, kitu kilianza kuniuma kifuani, kidogo tu, kama mguu unapoanza kurudiwa na damu.

"Bibi," nilisema, "nisamehe. Jina lako nililifuta mimi. Naomba korosho zikianza kudondoka nije kukuokotea kila nikitoka shule, mpaka msimu uishe. Naomba uniruhusu."

Bibi Zabibu aliinama akaokota mfuko mtupu wa salfa. Akaukung'uta. Akaukunja mara mbili, akaubonyeza ulale, akaukunja tena. Alikuwa anatazama ile mikorosho ya barabarani. Mjomba aliniita, pikipiki ikiwa imeshawaka. Sikwenda. Niliendelea kusimama pale mbele yake, mikono nyuma, nikisubiri aseme neno.