Nani Anamjua Huyu?

Mwaka ule wa mafuriko ya El Nino, Garsen iligeuka kisiwa. Barabara ya Malindi ilikatika, ya Hola ikakatika, na aliyekuwa mjini akabaki mjini. Maji ya rangi ya chai yalipita taratibu, yamebeba milango, sufuria na ng'ombe waliovimba. Watu wakazoea. Asubuhi walipanga foleni ya mahindi ya msaada. Alasiri, aliyebakiwa na shilingi tano aliingia kwa Laban.

Laban alikuwa na banda la video, la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia. Dereva wa lori lililokwama alimwachia kanda za mchezo wa kuigiza wa nchi za nje, wa lugha asiyoijua mtu. Hilo halikumsumbua Laban. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake, akawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili. Hakuelewa hata neno. Sote tulijua, na ndiyo ilikuwa raha yenyewe.

Mchezo ulihusu chama cha siri. Wanachama walivaa kanzu za kijivu, wakapita mlango wa jiwe chini ya kanisa lililobomoka, wakatokea katika miaka mingine. Huko walichukua watu. Waliochukuliwa walikalishwa kwenye mabenchi, kisha mmoja mmoja akachorwa alama shingoni, duara lenye mstari katikati, na kunyweshwa kikombe cha kiapo. Alama ile ilizua ubishi bandani. Wakristo waliona msalaba uliokatwa mikono. Kijana mmoja wa madrasa aliona mwezi uliofungiwa. Mzee Hiribae, mfugaji wa Ki-Orma ambaye mto ulikuwa umemlia nusu ya kundi, aliwacheka wote.

"Hiyo chapa ya ng'ombe," alisema. "Mimi nachoma hiyo tangu kijana. Ukichoma, unasema huyu yangu. Wacha mambo ya dini." Akatazama tena. "Na hii watu natembea miaka mia mbili, hata moja hakubeba maziwa?"

Banda zima likacheka. Shangazi yangu Esha hakucheka.

Nilikuwa nimemvuta aje, apumzike na vilio vya nyumbani. Mumewe, Buya, alitoka na mtumbwi kwenda kuokoa mahindi shambani. Mto uliurudisha mtumbwi, umepinduka. Buya hakurudi. Khalid, mdogo wake Buya, alitaka shangazi akae eda.

"Shemeji, tumsomee dua. Tumalize."

"Tumalize nini? Nionyeshe kaburi."

Simlaumu Khalid. Mwenye msiba hutafuta mlango wa kutokea. Lakini shangazi alikataa kuitwa mjane, na mtaa ulinong'ona sana ulipomwona akiingia kwenye video.

Ghafla akanishika mkono. "Benchi la nyuma," alinong'ona. "Wa mwisho."

Nikatazama. Mtu mmoja ameketi, kichwa chini, shati la bluu lenye kiraka cha leso begani. Wenzake wote walikuwa wakavu. Yeye alikuwa akichuruzika maji.

Kiraka kile alikishona shangazi.

Tulikimbia hadi kwa Khalid. Alikuwa juu ya paa, akipigilia mabati.

"Khalid, njoo umwone Buya!"

Alitutazama kwa upole, misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja.

"Buya yupi?"

Tulidhani ni uchungu. Tukaenda kwa mama yao. Bibi yule akakunja uso, kama mtu anayetafuta jina la msafiri aliyewahi kumpa maji. Hadi Maghribi, hakuna aliyetaja eda tena. Nyumba ya msiba ilikuwa imetawanyika, na hakuna aliyejua kwa nini alikuwa amekuja.

Kesho yake alasiri, Laban aliweka ukanda wa mwisho. Shangazi alikuja amejifunga leso nyekundu, akaketi mbele kabisa.

Safari hii Buya alikuwa benchi la mbele. Mkubwa wa chama alisimama nyuma yake na kijiti cha moto. Kikombe kilikuwa tayari. Laban akaanza vichekesho vyake, kisha sauti ikamshuka. Fimbo ikamponyoka. Midomo yake ikafuata ya mkubwa wa chama.

"Nani anamjua huyu?"

Hakuna aliyecheka. Kijiti kikagusa shingo. Duara likaanza.

"Nani anamjua huyu?"

Nilifungua mdomo. Jina halikuja.

Duara likazunguka. Likakaribia mwanzo wake.

"Mimi namjua."

Shangazi alikuwa amesimama.

Mkubwa wa chama akainua uso. Hakumtazama mtu wa kwenye mchezo. Alimtazama shangazi.

"Mwanamke, keti," alisema Laban, kwa sauti isiyo yake.

"Sikai! Huyu ni Buya wa Komora wa Jillo. Anakoroma. Anaogopa paka. Kiraka hicho ni changu. Aliniapia mimi, hakuwaapia ninyi. Kikombe chenu nyweni wenyewe!"

Kijiti kikasimama.

Buya akainua kichwa.

Jenereta likazima.

Gizani tukasikia maji yakidondoka sakafuni. Tone. Tone. Kisha nyayo zenye maji, zikitupita, zikielekea mlangoni.

Gunia la mlangoni likafunguka. Hatukuona mtu.

Kabla ya Maghribi watu wa Minjila walimleta Buya kwa mtumbwi. Walimkuta mahali palipoinuka, katikati ya ng'ombe, akitetemeka. Alisema alikaa kidogo tu kwenye nyumba yenye baridi, kisha akamsikia mkewe akigomba. "Nikajua nikichelewa, ataniua." Khalid alimkumbatia akilia, akimwita kaka. Hakukumbuka kwamba aliwahi kumsahau, nami sikumwambia.

Ile alama ipo shingoni mwa Buya hadi leo, kovu jekundu, duara ambalo ncha zake hazikukutana. Kila alfajiri, kabla hajafumbua macho, shangazi humwita jina lake lote, la baba na la babu, na hamwachi hadi aitike. Na kila masika mto unapojaa, humgeuza shingo na kuingiza kidole kwenye ile nafasi iliyobaki.

Mwanzoni kilikuwa kidole gumba. Siku hizi ni kidole cha mwisho.

"Bado kinaingia," husema, kisha huenda kuteleka chai.